Kuhamisha Sauti kwa Sikio Moja

Mwalimu wa korali alikuja kutoka Kiwanja bila kupiga simu. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya studio yangu, hapa Ndosho, mjini Goma, kofia ameiweka juu ya goti, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Rutshuru. Ni mkulima wa maharage, mtu mwembamba anayesema polepole, na Kinyarwanda kinasikika chini ya Kiswahili chake. Nilidhani amekuja kushukuru, kwa maana wiki iliyotangulia nilikuwa nimemtumia wimbo wao, umekamilika.

"Papa, wimbo tuliupata," alisema baada ya kunywa maji. "Tukaupiga kanisani, siku ya Mungu."

"Na batu walisema nini?"

Aliigeuza kofia. "Batu walifurahi. Ila wamama wanalalamika kidogo. Wanasema waliimba muzuri, lakini huku wanasikika kama wanagombana. Tena wako wote upande moja. Mwenye kukaa karibu na bafle ya kushoto anawasikia wao tu. Na kila pahali kwenye neno kuko s, ile s inachoma."

"Labda ni bafle za kanisa," nilisema.

"Labda," alijibu.

Alikuwa amesafiri njia nzima ile ili aniambie hayo ana kwa ana, kwa hiyo wote wawili tulijua kwamba kosa si la spika za kanisa. Alivaa kofia yake, akauliza habari ya watoto, akaenda sokoni kutafuta dawa ya kupulizia mimea kabla basi la kurudi halijajaa.

Kazi yangu ni kurekodi na kutengeneza nyimbo. Wanaokuja ni korali nyingi, watu wa harusi, mara nyingine kijana anayetaka kuwa nyota. Studio ni chumba cha mbao kilichoungana na nyumba yetu, kimejengwa juu ya mawe ya volkano kama nyumba zote za huku, na kuta zake nimezifunika kwa magodoro ya zamani ili sauti isirudi. Wazazi wangu walihama kutoka Bukavu nikiwa mdogo, nikakulia kwenye korali ya parokia, na nilipochoka kuimba nikaanza kusikiliza wengine. Nimefanya kazi hiyo muda mrefu kiasi kwamba sikumbuki kama nilijua kazi nyingine.

Sikio langu la kushoto liliharibika wiki ile vita vilipoingia mjini. Tulikuwa tumelala sakafuni, mimi na mke wangu na watoto, na bomu likaanguka nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimelalia sikio la kulia. Nilipoinuka nilisikia mluzi, na mluzi huo haujaondoka hadi leo. Sikuuhesabu kuwa jeraha. Watu walikuwa na mambo makubwa kuliko mluzi. Tulifagia vioo, tukaziba matundu ya bati kwa lami, nikafungua studio. Mtu akija kunisimulia kwamba amefiwa, nilimwambia pole, na nilijisikia nikilisema neno hilo vizuri kabisa, kwa sauti inayostahili, huku ndani hakuna kitu kinachosogea. Nilifikiri ndivyo watu wote walivyo baada ya vita. Labda ni kweli.

Wimbo wa Kiwanja tulikuwa tumeurekodi kabla ya hayo yote. Walikuja korali nzima, wakasimama kwa zamu mbele ya mikro, na mama mmoja mnene mwenye sauti nzito akaongoza. Kisha barabara ikafungwa, korali ikatawanyika. Yule mama sasa yuko kambini upande wa Uganda. Wengine walirudi Kiwanja, wengine hakuna ajuaye walipo. Kwa hiyo sauti zao, jinsi zilivyoimba siku ile, zilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta yangu, ndani ya programu yangu ya kurekodia.

Programu yenyewe ilikuwa ya zamani sana. Rafiki alininakilia kabla sijaoa, na tangu hapo sikuibadilisha. Haikubali kuingia kwenye kompyuta za siku hizi, na kazi iliyofanywa ndani yake haifunguki kwenye programu nyingine yoyote. Wenzangu wote wa mjini walikwishahama. Walinicheka, nami niliwaacha wacheke, kwa sababu vidole vyangu viliijua programu ile kuliko nilivyoijua mimi. Kukata, kuunganisha, kupunguza, kurudia, vyote nilivifanya bila kutazama kibao cha herufi.

Jioni ya siku ile aliyokuja mwalimu wa korali, nilimwita mke wangu kabla hajaanza kupika. Anafundisha shule ya msingi na hana subira na maneno ya kuzunguka. Nilimvalisha kaske, ile ya kufunika masikio yote mawili, nikaupiga wimbo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaivua kaske taratibu.

"Papa watoto, huu ndio uliwatumia?"

"Ndiyo."

"Wamama wako wanapiga kelele huku," alisema, akigusa sikio lake la kushoto. "Na wababa hawako kabisa. Wewe haukusikia?"

"Nilisikia wako sawa."

Alinitazama. "Unajua kwamba siku hizi mutu akikuita unageuza kichwa chote? Darasani niko na mutoto wa vile. Nilimwambia mama yake ampeleke kwa dokta."

Nilikwenda kwa daktari kwa sababu mke wangu aliniambia niende, si kwa sababu nilitaka kujua. Hospitalini waliniweka ndani ya chumba kidogo kisicho na dirisha, wakanipa kitufe nikibonyeze kila nikisikia mlio. Upande wa kulia nilibonyeza sana. Upande wa kushoto nilikaa na kidole changu juu ya kitufe, nikingoja, na kwa muda nilifikiri mashine yao haijawashwa. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, alinionyesha karatasi yenye mistari miwili. Mmoja ulibaki juu, mwingine ulishuka chini.

"Hili la kushoto halitarudi," alisema. "Hili la kulia ulitunze. Unafanya kazi gani?"

"Ya muziki."

Aliniambia pole. Aliisema vizuri kama mimi ninavyoisema. Nilikunja karatasi, nikapanda pikipiki, nikarudi nyumbani nikala sombe na wali. Sikulia wala sikukasirika. Nilikumbuka tu kwamba sikumuuliza kama chumba kile kimezibwa kwa godoro au kwa kitu kingine, maana kilikuwa na kimya kizuri sana.

Kuna mwenzangu mmoja ana studio Himbi, upande wa ziwa. Zamani aliimba kwenye rekodi zangu za kwanza, kisha akajifunza kazi mwenyewe, na leo korali kubwa zinamtafuta yeye. Nilikwenda kwake na kumweleza yote: sikio, wimbo, wamama wanaogombana. Alisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Bon," alisema. "Niletee hiyo kazi, mimi nitapanga sauti. Wewe uko narekodi muzuri kuliko mutu yeyote hapa Goma, hiyo haijaondoka. Lakini yaya, mukubwa wangu, huwezi kuniletea kitu chenye mashini yangu haiwezi kufungua. Hama. Ingia kwenye hii yangu. Ukirekodi kwako, ninafungua kwangu, ninapanga, ninakurudishia."

"Nimezoea ile."

"Ile yako, ukikufa, kazi yako yote inakufa nayo."

Aliniambia nikae kwenye kiti chake nijaribu. Kioo cha kompyuta yake kilikuwa kikubwa, kimejaa rangi, na kila sauti ilichorwa ikipanda na kushuka kama milima, juu kabisa mistari ya kuonyesha nguvu ya kulia na ya kushoto. Alinieleza kwamba hata mtu asiyesikia upande mmoja angeweza kuona kwa macho kwamba upande huo umezidi. Nilielewa. Nikaweka mikono juu ya kibao. Nilitaka kukata kipande, nikabonyeza nilipozoea kubonyeza, na wimbo aliokuwa akiutengeneza ukaruka mwanzo. Nikajaribu kurudisha, kila kitu kikanyamaza. Yeye alirekebisha kwa kidole kimoja. Nikajaribu tena, nikakosea tena. Nilikuwa kama mtu aliyeingia jikoni kwa watu na hajui chumvi iko wapi.

Nilimwambia nitafikiri. Nyumbani mke wangu aliuliza nimeamua nini.

"Sikio limekwenda," nilimwambia. "Sasa munataka na vidole?"

Aliendelea kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, nami nilikwenda studio nikakaa mbele ya kompyuta yangu ya zamani. Niliufungua wimbo wa Kiwanja na kuanza kuwashusha wamama kidogo, kidogo tena, halafu nikawa sijui nimewashusha kiasi gani. Niligeuza kaske, ya kushoto nikaiweka kulia, nikasikiliza upande mmoja kwanza na mwingine baadaye, nikijaribu kukumbuka wa kwanza ulikuwaje. Nilifanya hivyo siku kadhaa. Kila siku nilipata wimbo tofauti. Wateja walipokuja niliwaambia umeme unasumbua, na kwa kuwa umeme kweli husumbua, waliamini wakaondoka.

Kisha mwalimu wa korali alipiga simu. Nilimsikia vibaya, mpaka nikakumbuka kuhamisha simu upande wa kulia.

"Papa, siko nakusukuma," alisema. "Ila yule mama yetu mwenye kuongoza alipiga simu toka Uganda. Anauliza kama wimbo umekuwa tayari. Anasema kule kambini kuna batu wa Rutshuru wengi, anataka awasikilizishe."

"Ulimujibu nini?"

"Nilimwambia muko nautengeneza."

Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata. Ningependa kusema kwamba kitu kilifunguka ndani yangu wakati ule, lakini haikuwa hivyo. Nilifikiri tu kwa utulivu, kama mtu anayefikiri njia ipi ina matope machache. Kubaki na programu yangu maana yake ni kwamba yule mama atasikia wenzake wakigombana. Kuhama maana yake ni kwamba nitakuwa mwanafunzi tena, mbele ya mtu niliyemfundisha kushika mikro. Niliyapima mambo hayo mawili na yote mawili yalikuwa mepesi, hayakunichoma. Nilimpigia mwenzangu wa Himbi nikamwambia nitahama.

"Muzuri," alisema. "Basi toa sauti moja moja."

Hiyo ndiyo njia pekee ya kuihamisha kazi ya zamani. Unazima sauti zote na kuacha moja tu, unaipiga tangu mwanzo hadi mwisho huku programu ikiiandika peke yake, kisha unaizima hiyo na kuiacha ya pili. Nyingine zilikuwa zimebandikwa vipande vipande, ilibidi nizishone kwanza. Na kila moja ilibidi isikilizwe, kwa sababu programu ile ilikuwa na tabia ya kumeza sekunde za mwisho. Kwa hiyo mke wangu akitoka shuleni alikuja kukaa nami, kaske kichwani, miguu ameiweka juu ya kigoda. Mimi nilibonyeza, yeye akasikiliza.

"Huyu iko muzima," alikuwa akisema. "Huyu anakohoa katikati, lakini iko muzima. Huyu baba alisahau maneno."

Ilikuwa mara ya kwanza kwake kusikia kazi yangu kwa namna hiyo. Ukiwasikia pamoja ni korali. Ukiwasikia mmoja mmoja ni watu: mmoja anavuta pumzi kwa nguvu kabla ya kila mstari, mwingine anaimba chini kidogo kuliko anavyopaswa na anapanda pale tu jirani yake anapopanda. Mke wangu alianza kuwatambua. Aliwaita kwa tabia zao, mama wa pumzi, baba wa kuchelewa.

Tulifika kwa yule mama anayeongoza. Nilibonyeza, nikawa nasubiri aseme yuko mzima. Alisikiliza kwa muda, kisha akainua mkono nisimamishe. Akaivua kaske, akaishika mapajani.

"Rudisha kidogo," alisema. "Sikiliza mwenyewe. Kwa sikio lako la muzima."

Nilivaa. Sauti ya mama ilikuwa imefika mwisho wa ubeti, ikanyamaza, na kwenye kimya kile, mbali, nyuma ya mbao na magodoro, nilisikia mwanamke akipita barabarani na kuita, "Makala! Makala yenye kukauka!"

Alikuwa jirani yetu. Aliishi nyumba ya tatu nyuma ya kwetu na aliuza makala, yaani makaa ya kupikia, akipita kila asubuhi na beseni kichwani, na mara nyingi nilitoka kumwomba anyamaze kidogo tumalize kurekodi, naye alicheka akasema basi nimwandike naye kwenye wimbo. Bomu lile la nyuma ya nyumba lilianguka kwake. Tulimzika na wenzake wengi siku moja, na tangu siku hiyo mke wangu na mimi hatukuwahi kumtaja.

"Ni yeye," alisema mke wangu.

"Ndiyo, ni yeye."

Nilirudisha tena, akaita tena. Mke wangu alifuta macho kwa pindo la kitenge. Mimi nilitazama mstari wa sauti yake kwenye kioo, mdogo mno, kivimbe tu kwenye nafasi tupu kati ya beti mbili. Nilisubiri nisikie kitu. Nilisikia mluzi.

"Twende kwa anayefuata," nilisema, na mke wangu akavaa kaske.

Kazi ilipokwisha niliipeleka Himbi. Mwenzangu aliziingiza sauti zote kwenye programu yake, moja chini ya nyingine, na baada ya muda mfupi wababa wakatokea, wamama wakatulia, ile s ikalainika. Nilijua kwa sababu aliniambia, na kwa sababu niliona milima ya kulia na ya kushoto imelingana. Alipofika kwenye ile nafasi kati ya beti alisimamisha.

"Kuna mutu wa makala hapa. Nimutoe?"

Ni swali la kawaida katika kazi yetu. Mbwa anatolewa, pikipiki inatolewa, mvua ikizidi inatolewa. Wimbo ulikuwa wa korali ya Kiwanja, nao hawakumjua.

"Mutoe," nilisema.

Alimchagua na kumfuta, nafasi ikawa nyeupe. Sikumweleza alikuwa nani. Tuliendelea mpaka mwisho, nikamshukuru, nikatoka. Nje nilitaka kuita pikipiki, nikaona mkono wangu haupandi. Nilisimama kando ya barabara, chukudu za mbao za kubebea mizigo zikanipita, mtu mmoja akaniuliza, "Muzee, uko muzima?" Nikamjibu niko mzima. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, njia yote ile. Nilimwambia mke wangu kwamba nimemtoa, naye akasema, "Kule kwetu bado yuko," akimaanisha ile sauti ya mama tuliyoiandika peke yake kwenye kompyuta yetu, na akaendelea kuchambua mchele.

Wimbo ulikwenda Kiwanja kwa simu na kutoka Kiwanja ukavuka mpaka. Mwalimu wa korali alinitumia ujumbe wa sauti. Alisema wamama hawagombani tena, na kwamba yule mama wa kambini aliusikiliza akacheka, akalalamika kwamba wamemfanya asikike kama msichana. Niliusikiliza ujumbe ule mara kadhaa, nikiwa nimeiegemeza simu kulia.

Kujifunza programu mpya kumenichukua muda mrefu kuliko nilivyomwambia mtu yeyote. Bado nakosea. Kuna siku vidole vinakwenda kwenye njia za zamani, kila kitu kinanyamaza, nami nakaa tu nikitazama rangi. Mwenzangu hunipigia, ananieleza kwa maneno machache, hanicheki. Siku hizi mimi narekodi, yeye anapanga, na jina la kila mmoja wetu linaandikwa. Wengine wanasema kazi yangu imekuwa bora kuliko zamani. Siwezi kuthibitisha.

Wiki iliyopita ilikuja korali ya vijana kutoka Kibati. Msichana aliyekuwa aongoze alisimama kushoto kwangu akaniuliza jambo, sikulisikia, akauliza tena. Zamani ningetikisa kichwa na kutabasamu.

"Sikio la huku halisikii," nilimwambia. "Pita upande huu."

"Ah, pole," alisema. Akapita nyuma ya kiti changu akasimama kulia. "Nimeuliza tuanze na ubeti ama na kiitikio?"

"Na ubeti," nilisema, nikabonyeza.